Kurasa Nne za Mama Milango

Kitabu kilipofunguliwa kililia kama goti la mtu aliyekaa kitako kwa muda mrefu. Mama Milango aliusikia mlio ule kutoka jikoni, akatoka na sinia la vikombe mikononi. Kwa miaka kumi na mitano kitabu kile kilikuwa kimesimama ndani ya kabati la vioo, kati ya birika lisilotumika na picha ya marehemu mumewe. Kilipanguswa vumbi kila asubuhi na kuonyeshwa kila mgeni, lakini hakuna mkono uliowahi kuzitenganisha kurasa zake.

"Mama, ndicho hiki!" alisema mpangaji mpya, binti wa kigeni aliyekuwa amefika saa ile ile na masanduku yake mawili, hata viatu hajavua. "Chuoni kwetu, kila anayekwenda kufundisha Kiingereza ng'ambo huambiwa akitafute. Sikujua nitapanga chumba humu ndani yake."

"Ndani ya nini, mwanangu?"

"Ndani ya kitabu."

Mama Milango akatua sinia mezani. Neno lile lilimwingia kama usingizi wa mchana, ule unaokuchukua huku masikio yangali yanasikia. Akazitazama kuta zake, pazia lake, ngazi yake ya mbao inayopanda hadi chumba cha juu, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama vitu vile vilikuwa vyake, au vilikuwa vya yule aliyeviandika.

Mtaani walimwita Mama Milango kwa sababu milango ya nyumba yake haikujua kufungwa. "Ana mitatu," fundi cherehani wa jirani alipenda kusema. "Wa mbele, wa nyuma, na mdomo wake." Kila alasiri sebule ilijaa watu mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Habari iliyozaliwa asubuhi mwisho wa mtaa ilifika pale adhuhuri ikiwa imekwishaota meno. Mumewe alikuwa amefariki zamani, wanawe wanne walikuwa wametawanyika kila mmoja na dunia yake, na chumba cha juu alikipangisha. Mpangaji wa kukumbukwa alikuwa yule mgeni waliyemwita Mwalimu Mrefu. Alifundisha Kiingereza miaka miwili katika shule ya jioni, akarudi kwao, akaandika kitabu juu ya maisha yake ya ugenini, na nakala moja akamtumia mama mwenye nyumba.

Kiingereza cha Mama Milango kilianzia na kuishia kwenye salamu ya asubuhi, nayo aliitoa hata jua likizama. Lakini mtu haulizwi kila siku kitabu kinasema nini akakaa kimya. Mwaka wa kwanza alisema kuna mahali ametajwa. Wa tatu, kuna sura nzima. Kufikia mwaka wa kumi kitabu chote kilikuwa chake, tangu jalada hadi jalada, na chumvi aliyoitia yeye mwenyewe ilikuwa imeyeyuka hata asiionje tena. Chini ya chumvi ile, hata hivyo, lilibaki swali lililomwamsha alfajiri: yule kijana aliyemwita mwanangu, aliyemwekea chakula kikiwa moto kila jioni, alimwona kuwa mtu gani?

Basi walipatana. Kila siku saa kumi, akishatoka kufundisha, Mwalimu Mdogo (mtaa haukuchelewa kumpa jina) angesoma ukurasa mmoja au miwili na kuufasiri. Habari ilipoenea, viti havikutosha. Fundi cherehani alikuja na stuli yake kutoka dukani.

Walimwomba kwanza asome kwa Kiingereza, wausikie mlio wake. Binti akasoma kwa sauti ya chini, na maneno yakapita chumbani kama maji yanayopenya chini ya mlango. Hakuna aliyejua yametoka wapi, lakini kila mtu aliinua miguu. Mwanga wa alasiri ulilala mwekundu juu ya zulia. Mtu akasinzia, akazinduka, akasema amemwota Mwalimu Mrefu akishuka ngazi.

"Tuambie basi," fundi akakatiza ndoto. "Mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Mwalimu Mdogo akageuza karatasi. "Anasema... palikuwa na fundi ambaye mkasi wake ulisema machache, yeye akasema yaliyobaki."

Watu wakavunjika mbavu. Fundi alisimama akainamisha kichwa kama aliyepewa nishani. "Mmesikia? Imepigwa chapa hiyo!"

Tangu hapo kila mmoja alijitafuta. Kinyozi alipatikana. Bibi wa nyumba ya kona alipatikana, yeye pamoja na bakora yake. Mama Milango alipatikana kila ukurasa: mikono yake, ukarimu wake, kicheko chake kilichosikika mpaka shuleni. Alisikiliza huku moyo ukimlainika kama nta. Siku ya nne mke wa muuza nyama, aliyekuwa amekaa kwa subira ya kupigiwa mfano, alishindwa kuvumilia.

"Jamani, na mimi je? Au muuza nyama hana mke?"

Binti akainua macho, akatazama dirishani, kisha akasema polepole, "Upo. Mwanamke wa jirani, anayecheka mpaka vioo vinacheka naye."

Mke wa muuza nyama alizunguka akiwapa wote mkono, machozi yakimlengalenga. Sebule nzima ikashangilia. Ni Mama Milango peke yake ambaye kikombe kilimgandia kati ya sahani na midomo. Mwanamke yule alikuwa amehamia mtaani miaka mitano iliyopita. Mwalimu Mrefu hakupata kumwona hata kisigino.

Akamtazama binti vizuri. Aliyelea watoto wanne analitambua jicho linalosoma na jicho linalotunga. Siku zote nne, alikumbuka sasa, jicho la Mwalimu Mdogo lilikuwa likienda dirishani kabla ya kila sifa.

Kumwaga mtama kwenye kuku wengi hakukuwa desturi yake, labda mtama uwe wa mtu mwingine. Alijishika kichwa, akasema kinamgonga, akawasindikiza wageni mmoja mmoja hadi nje. Kisha akafanya jambo ambalo bawaba zenyewe zilililalamikia. Alifunga mlango.

"Mwanangu," alisema, "yule mke wa muuza nyama namjua. Amehamia juzi tu."

Binti akainama. "Nisamehe, mama. Nyuso zenu zilikuwa zinangoja. Nilianza na fundi, kisha sikujua pa kuishia."

"Umenivika kilemba cha ukoka, nami nikakaza shingo kisidondoke. Sote wawili wakosa. Niambie, nimo kurasa ngapi?"

"Mama..."

"Idadi tu. Sijauliza uzito."

"Nne."

"Kati ya ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

Mama Milango akapumua. "Nne si haba. Wapo waliozaliwa wakafa bila hata mstari. Sasa zisome. Usinichekechee, nipe na pumba zake."

Binti alisoma. Ukurasa wa kwanza ulisema nyumba ile ilikuwa na kelele kama kituo cha abiria, na kwamba mwalimu alisahihisha madaftari ya wanafunzi huku pamba imejaa masikioni. Wa pili ulisema aliongopa kuwa ana vipindi vya ziada, akabaki peke yake darasani akitazama ubao mtupu, ili arudi wakati sebule imekwishatulia. Mama Milango alikumbuka sahani alizozifunika kwa sahani nyingine, na mvuke uliozifia chini yake. "Endelea," alisema.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na mvua. Ilikuwa siku ya gharika, mtaa wote umejifungia, na mwalimu alirudi mapema na homa. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo. Akamwona mama mwenye nyumba amepanga viti vyote na kumimina vikombe vyote, amekaa katikati. Hapakuwa na mtu. Alikuwa akivisalimia viti kimoja kimoja, kisha akiviitikia kwa sauti ya kila mwenye kiti, akicheka pale ambapo kila mmoja wao angecheka.

Binti aliinua macho kutoka kitabuni. Mama Milango alikuwa amefumba macho. Alihisi kama ameinuliwa pamoja na zulia na vyote vilivyo juu yake, anaelea chini ya dari, anamtazama mwanamke yule kutoka juu: kumbe alikuwa mdogo vile!

"Malizia."

"'Palikuwa na kiti kitupu karibu na mlango,'" binti akafasiri ukurasa wa nne. "'Ilinipasa niingie, nikae. Badala yake nilivua viatu nikavishika mkononi, nikapanda ngazi ili asinisikie. Nimeishi katika nchi tatu tangu hapo, na kila niendako ninaipanda ngazi ile.'"

Lakini Mama Milango alimsikia. Hakuna aliyelijua hili, hata wanawe. Siku ile ya mvua alizisikia nyayo zisizo na viatu zikipanda, zikisita kwenye kipandio cha saba kama alivyokuwa akisita marehemu mumewe, akaamini ni yeye amerudi, na akanyamaza ghafla kati ya viti vyake, mwili wote umemsisimka kwa furaha. Hakwenda kutazama, vitu vya namna ile havitazamwi. Miaka yote hiyo alikuwa ameiweka alasiri ile pahali ambapo wengine huweka dhahabu. Na sasa mgeni mwenye homa alikuwa amekuja kudai nyayo zake.

"Ninyi walimu wa ng'ambo," alisema hatimaye, "mnakuja na sanduku la nguo, mnaondoka na sanduku la watu."

"Nami nitafanya hivyo, mama?"

"Utafanya. Ila siku hiyo ukinikuta na viti vyangu, gonga mlango."

Na kweli mlango ukagongwa. Mama Milango akaufungua, akakuta kundi zima limesimama kizingitini, hakuna aliyekwenda kwake. Mlango ule kufungwa mchana kweupe ilikuwa habari kubwa kuliko kitabu chochote.

"Mnatafuta nini, nyie? Sikuwaambia naumwa kichwa?"

"Tulisikia kimya," fundi akasema. "Tukaogopa."

Aliwatazama mmoja mmoja. Angeweza kuwaambia ukurasa wa leo umekwisha. Angeweza kutia chumvi. Mkono ulikuwa umekwishazoea kijiko. Akasogea pembeni wakapita, akangoja kila mtu apate pa kukaa, na mke wa muuza nyama aache kuwauliza wenzake kama vioo vinaonekana vikicheka. Ndipo alipomgeukia binti.

"Soma ile ya mvua. Kama ilivyo."

"Mama, yote?"

"Ishia kwenye viti. Ya ngazi yaache, yana mwenyewe."

Binti akasoma, na safari hii jicho halikwenda dirishani. Lilipotoka neno la mwisho hakuna aliyeinua kikombe. Bibi wa nyumba ya kona aliitazama bakora yake kana kwamba ndiyo iliyosemwa. Mama Milango alisimama wima kando ya kabati, uso umemwaka moto, akingoja kicheko, au huruma, ambayo angeiona mbaya zaidi.

"Mimi sikuwemo?" mke wa muuza nyama akanong'ona.

"Ulikuwa hujahamia, dada yangu."

"Ah. Basi hii ni ya kweli."

Nje jua lilikuwa likiteleza ukutani. Fundi cherehani alikuwa amekunja kofia yake magotini, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mama Milango," alisema bila kuinua macho, "siku hiyo mimi ulinijibia vipi?"

Alitaka kukataa. Lakini sebule nzima ilikuwa imeinama kumwelekea, na kila mmoja usoni alikuwa na swali lile lile. Akavuta kiti, akakaa. Akalegeza bega la kushoto, akafumba jicho moja kama atungaye uzi kwenye sindano, na sauti iliyotoka kifuani mwake ilikuwa nzito, ya kiume, ya mtu aliyetoka mvuani.

"'Hodi, hodi. Nimelowa chapachapa, lakini wewe ungekaa na nani?'"

Fundi alitikisa kichwa polepole.

"Ndivyo ningesema," akasema.

Bibi wa nyumba ya kona akasogeza kiti chake mbele. "Na mimi?"