Kikombe Kilichokuja Baridi

Mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya tiba na maabara ndio mwaka ambao wanafunzi hutolewa darasani na kutupwa kazini. Binti huyu alipangiwa wiki nane katika maabara ya hospitali iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, na kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kulishika jina lake, wote wakamwita Mwaka wa Tatu. Nyumbani kwa mjomba wake, alikoishi tangu aanze chuo, aliitwa Daktari. Kila alipoeleza kwamba hasomei udaktari, anasomea kupima damu na mkojo na makohozi, mjomba alimjibu, "Daktari bila nyinyi si anabahatisha tu?"

Mjomba alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, na ndiye aliyemsomesha.

Jumatatu ya wiki ya tatu, kampuni ya mabasi ilileta madereva wake kupimwa afya kama ilivyo kila mwaka. Kila dereva alipewa kikombe dirishani, akaenda msalani mwishoni mwa korido, akarudi nacho. Vikombe tisa vikapangwa mbele ya Mwaka wa Tatu. Kazi yake ilikuwa kuchovya kijiti chenye vidoa vya rangi, kusubiri, kusoma na kuandika. Juu ya kikombe cha sita aliliona jina la mjomba wake. Alitabasamu, asubuhi walikunywa chai pamoja na hakuambiwa lolote. Alipokishika, kikombe kilikuwa baridi. Vile vingine vilikuwa na joto hata kupitia glavu, joto la kitu kilichotoka mwilini sasa hivi. Machale yakamcheza kidogo, lakini foleni ilikuwa ndefu. Akachovya. Sukari hakuna, protini hakuna. Akaandika na kutia saini yake.

Msimamizi wake, mama mmoja mrefu waliyempa jina la Bi Hakika, akapita nyuma yake. "Una hakika na hayo?"

"Nina hakika."

Jioni hiyo nyumbani ilikuwa zamu yake ya kuosha choo. Sisimizi walikuwepo, kama walivyokuwepo majuma kadhaa, na siku zote aliwamwagia maji bila kuwafikiria. Safari hii alisimama na ndoo mkononi. Hawakuwa wametapakaa. Walijipanga pale mbele tu, penye matone, mahali anaposimama mwanamume. Na katika nyumba hii mwanamume alikuwa mmoja. Akakumbuka mhadhiri wao alivyosema kwamba zamani, kabla ya vijiti na mashine, sukari ya mgonjwa iligunduliwa na wadudu.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa na sura nyingine. Mezani alimtazama mjomba akimaliza jagi la maji na kuomba lingine. Alitazama mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari. Akamtupia jicho mke wa mjomba, naye mke wa mjomba akawa anahesabu punje za wali kwenye sahani yake.

"Mjomba, leo mlikuja hospitali?"

"Ah, yale mambo ya kampuni. Tumekojoa, tumeondoka."

Alisema haraka mno, kisha akaanza kusimulia habari ya abiria aliyepanda na godoro.

Asubuhi Mwaka wa Tatu alifika maabara kabla ya wenzake. Sampuli hukaa kwenye friji siku moja kabla ya kumwagwa, na kikombe cha sita kilikuwepo bado. Aliweka tone chini ya hadubini. Seli bapa zilijaa, zimeshikana mafungu mafungu, kama alivyozoea kuziona kwenye mikojo ya wanawake, mara chache sana kwa wanaume. Haukuwa ushahidi wa kukata, alijua. Lakini ulimtosha kujiuliza. Mwanamke gani? Wazo baya likamjia kwamba mjomba ana nyumba nyingine mahali fulani, na mke wa mjomba hana habari. Akajionea aibu kwa kuliwaza, na bado hakuweza kuliacha.

Alipotoka kazini alikuwa na kijiti kimoja ndani ya karatasi mfukoni. Alijua kwamba ni wizi. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na mjomba alipotoka chooni alisema atamwagia baadaye, maji yakirudi. Mwaka wa Tatu akaingia, akafunga komeo, akachovya kijiti kwenye mkojo uliobaki. Kidoa cha sukari kilianza kijani, kikaendelea kukolea mpaka kikawa kahawia iliyoiva. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alimkuta mke wa mjomba uani, anaanua nguo.

"Mama, ule mkojo wa jana ulikuwa wa nani?"

Mama yule hakugeuka. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Wangu," alisema. "Alitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akaweka mfukoni. Ulitaka nifanye nini? Mwaka jana mwenzake alikutwa na sukari, akateremshwa kwenye basi siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo anajua anaumwa?"

"Anajua tangu mwezi wa pili. Wiki iliyopita macho yalifanya ukungu akiwa njiani. Ameniapisha nisikwambie wewe, kuliko mtu yeyote."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii hakuwa na kicheko.

"Umenipeleleza, mpwa wangu? Chooni kwangu?"

"Mjomba, nimetia saini yangu pale. Nimeandika huna kitu."

"Basi yameisha. Yameandikwa."

"Alhamisi unabeba watu sitini."

"Na wewe unasoma kwa usukani huohuo. Hilo hulipimi?"

Mwaka wa Tatu alikwenda kulala bila kula, akajipa sababu zote za kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri. Daftari lake la mafunzo lilihitaji saini ya Bi Hakika; mwanafunzi aliyepima ndugu yake kimyakimya angeweza kurudishwa mwaka mzima.

Jumatano asubuhi alipiga moyo konde, akamfuata Bi Hakika stoo, akamweleza yote: ubaridi wa kikombe, seli, kijiti alichoiba. Bi Hakika alimsikiliza huku akifunga mfuniko wa chupa ya rangi.

"Jina ulipoliona, ulitakiwa useme papo hapo kwamba ni mjomba wako."

"Ndiyo."

"Na kikombe baridi hakipimwi. Kinarudishwa."

"Ndiyo."

"Nani mwingine anajua?"

"Nyumbani tu."

Bi Hakika akaiweka chupa rafuni. Kisha akapiga simu. Aliwaita madereva wote tisa wapimwe upya, damu ya kidole, mbele yake mwenyewe. Jina la mjomba hakulitaja peke yake. Wawili walikutwa na sukari, mjomba akiwa mmoja wao, na yake ilikuwa mara tatu ya inavyotakiwa.

Akateremshwa kwenye basi, akapewa vidonge na kazi ya kukagua matairi gereji. Wenzake hawakujua ni nani aliyewaponza, ila yeye alijua. Wiki nne hakumsemesha mpwa wake. Akimtaka aondoe sahani, alimwambia mkewe, hata binti akiwa ameketi kati yao.

Wiki ya nane Bi Hakika alirudisha daftari limejazwa. Alama zilikuwa za wastani, na chini alikuwa ameandika: "Alichelewa kusema siku mbili. Alisema."

Siku hiyohiyo mjomba alikuja kliniki, akasimama dirishani na karatasi yake kama mgonjwa mwingine yeyote. Palikuwa na mfanyakazi mwingine, lakini akamsubiri yeye.

"Nisomee," alisema, macho yake kwenye karatasi.

"Imeshuka, mjomba. Lakini bado iko juu."

"Juu kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa kidole, namba ya kwanza, kisha ya leo, kisha pale inapotakiwa kufika. Mjomba akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Mama yako kule nyumbani anasema siku hizi huli," alisema. "Ule."

Akaelekea gereji kwa miguu.