Kabla ya Dari

Studio yetu ilijengwa na tajiri aliyependa sinema kuliko alivyopenda akili. Aliweka kuta nene, akafunga taa za kuunguza nyusi, halafu juu akaezeka mabati matupu. Ukimuuliza, alisema sauti zitaingizwa baadaye, waigizaji wakiwa wamekaa na wameshiba. Na kweli, enzi za mama yangu, ambaye ndiye aliyewapaka poda nyota wote wa wakati huo, mvua ilinyesha mpaka ikachoka na kamera hazikujali.

Sinema zikafa, tajiri naye akafuata. Ikaja televisheni na tamthilia yake ya kila wiki, na televisheni inataka sauti papo hapo. Tone la kwanza likigonga bati, mwongozaji anapaza sauti, "Simamisheni!" na kila mtu anakaa alipo. Mimi, niliyerithi poda ya mama, nilikuwa nakaa kwenye sofa la ile sebule ya maigizo, yenye dirisha linalotazama ukuta. Fundi, seremala anayetujengea hizo sebule, alikuwa akija kukaa pembeni yangu.

Fundi alifiwa na mkewe zamani. Mimi niliachika, nikashukuru. Siku za kazi hasemi, maana misumari imejaa mdomoni. Mvua ikinyesha anaitema, na ulimi unafunguka: mara mbao, mara binti yake, mara goti lake. Kwa kelele za mabati ilibidi anisogelee aseme sikioni. Sikulalamika hata kidogo. Masika hii alishaanza mara kadhaa, "Dada, kuna jambo..." na kila mara mvua ikakatika, mwongozaji akaita watu kazini. Nikawa mwanamke anayelaani jua.

Nyumbani mama alikuwa akiningoja mlangoni.

"Kasema?"

"Bado, mama."

"Na mvua yote ile?"

"Ilikatika."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Anza wewe."

"Naona aibu, mama."

"Aibu hiyo umeitoa wapi? Kwangu hukuirithi."

Kisha wenye studio wakachoka kutuona tumekaa. Wakaagiza dari nene ya kuzuia sauti, na wa kuifunga akawa nani kama si Fundi mwenyewe! Nilikasirika kweli. Mvua ndiyo nafasi yetu pekee, na yeye anaiziba kwa nyundo yake huku anapiga mluzi. Nikaacha kumsalimia. Siku moja nilimpaka poda mwigizaji mkuu kwa hasira, maskini, akapiga chafya mbele ya kamera.

Dari ikakamilika. Asubuhi ya kwanza ya kurekodi chini yake, mlinzi aliingia amelowa chapachapa, na hapo ndipo nilipojua kwamba nje mvua inamwagika. Ndani hatukusikia kitu. Waigizaji waliendelea kugombana kwenye sofa letu. Fundi alikuwa amesimama karibu na taa, misumari mdomoni, anatazama juu kwa kuridhika. Nikaona maisha yangu yaliyobaki: taa inawaka, kazi inaendelea, jioni narudi kumwambia mama bado.

"Fundi!" nikasema, kwa sauti yangu yote. "Lile jambo ni lipi?"

"Kata!" Mwongozaji aliruka kitini. "Nani huyo?"

Wote walikuwa wameshageuka kunitazama. Fundi alikinga kiganja, akatema misumari, mmoja baada ya mwingine, nami nikangoja nikiwa nimeshika brashi.

"Nilipanga kukwambia wakati wa chakula," alisema.

"Leo?"

"Leo. Jambo hili sikutaka kulisema kwa kupiga kelele, ndiyo maana nikaziba mabati kwanza."

Kumbe mimi nilimnunia mtu aliyekuwa ananitengenezea ukimya! Nilitamani sakafu inimeze.

"Haya, sema basi," mwongozaji akanguruma. "Sehemu yenyewe mmeshaiharibu."

Fundi akafuta midomo kwa mkono wa shati. "Nataka nikuoe," alisema, polepole, kama mtu anayeomba maji, na kila mtu alisikia mpaka kule nyuma kwenye nyaya.

Mimi, mwenye ulimi mrefu kuliko wote pale, nikatikisa kichwa tu kukubali.

Mtu wa sauti alikuwa hajazima mitambo yake. "Dada," akaniambia, "kichwa hakirekodiwi. Jibu kwa mdomo."

Nikajibu ndiyo. Kisha nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza ilitoka na kilio.