Mkangaga wa Maharusi wa Kwetu

Mguu mmoja, macho mwili mzima, na haoni. Wajukuu zangu wote wanalijua jibu: mkangaga, ule wa kwetu unaokua mti mrefu kama mnazi. Jani likizeeka hudondoka lenyewe, na pale lilipotoka hubaki alama kama jicho. Mkangaga wetu, kule bondeni nyuma ya nyumba, kwa urefu umelipita paa la kanisa. Nimezaliwa hapahapa kisiwani Norfoki, na sijaona mti wenye madaha kama ule.

Kila bibi harusi wa ukoo wetu hupita chini ya majani yake, tunayoyakata na kuyafunga juu ya mlango wa kanisa. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya mjukuu wangu Rena. Ibada ni saa kumi, na mlango bado mtupu, maana ngazi yetu haikufika hata nusu ya shina.

Mpwa wangu Merval, ambaye kisiwa kizima kinamwita Kuku kwa ile miguu yake myembamba, akaja na msumeno wa injini.

"Shangazi, naukata chini, majani yote yenu. Utachipua tu, kama mgomba."

"Mgomba! We Kuku, miaka yako ya Sydney imekula akili zako? Huu una moyo mmoja tu, uko juu kabisa. Ukiulaza, umeuzika."

"Basi Rena apite chini ya nini, kamba ya nguo?"

Rena, nywele bado ziko kwenye rola, machozi yakamlengalenga. "Bibi, sitaki mti ufe kwa ajili yangu. Ila nilitaka kupita kama alivyopita mama."

Nikautazama ule ukingo mkali wa bonde. "Twendeni juu, barabarani, pale wanapolala ng'ombe."

Tukapanda. Kutoka ukingoni, kichwa cha mkangaga kilikuwa usawa wa magoti yetu, kimetanda kama mwavuli wa mfalme. Katikati yake machipukizi yamejikunja, yana manyoya ya kahawia, kama ngumi za vichanga usingizini. Merval akauweka msumeno chini taratibu.

"Loo! Tangu utoto napita chini yake, kumbe sijawahi kuuona."

"Kata ya pembeni, yaliyoinama. Ngumi usiziguse."

Akalala kifudifudi na kisu mkononi, nusu ya mwili iko hewani. Mimi nimeshika mguu huu, Rena ule.

"Shangazi, ukicheka nakufa!"

"Nani anacheka? Miguu yenyewe haishikiki!"

Tulipata majani machache, ya kutosha upande mmoja wa mlango. Mchungaji akauliza mbona upande wa pili hauna kitu.

"Mengine bado yako kazini kule bondeni," Rena akamjibu, akaingia kichwa juu.