Aliita Mara Moja

Mama yake Dorotea alipiga simu Alhamisi kusema atakuja Jumamosi kuchukua vitu vya mwanaye. Akaniomba mimi niwepo, si mwingine. Nikasema sawa mama, nitakuwepo, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda nimeshika simu mpaka kioo kikazima. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba siku ile nilikuwa maktaba. Nilimwambia matron, nilimwambia mchungaji, nilimwambia Gloria tuliyekuwa tunaishi naye. Sasa alikuwa anakuja mtu mmoja ambaye sikujua kama nitaweza kumdanganya, na nilikuwa na siku mbili za kuamua.

Chumba namba kumi na nne hakikuwa changu. Nilitoka Bukima nimechelewa kuomba hosteli, nikakuta vyumba vyote vya mwaka wa kwanza vimejaa. Kwenye foleni ya usajili pale Butiama nikasimama nyuma ya msichana mwembamba mwenye maneno mengi, wa Kabasa kule Bunda, ndiye Dorotea. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. "Bukima? Kwao mama yangu huko," akasema. "Unalala wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Njoo nikubebe."

Chuoni kubebana ni kulala wawili kitanda kimoja, mmoja ana jina kwenye orodha, mwingine hana. Gloria, mtoto wa Iringa, alilala kitanda cha juu cha deka, sisi cha chini. Dorotea alilala ukutani, mimi nje. Matron akipita, mimi nilikuwa mgeni niliyekuja kuazima pasi. Nadhani alijua, akanionea huruma.

Tuligombana sana. Mimi sipendi kuguswa nikilala, yeye alijitandaza kama dagaa zilizoanikwa. Mimi hasira zangu ziko karibu, na yeye alipenda kuzichokoza. Kilichomchekesha zaidi ni kwamba nikiitwa siitiki. Kwetu bibi alitulea hivyo: ukisikia jina lako na humwoni anayeita, nyamaza. Mtu hai ataita tena. Asiye mtu huita mara moja tu, na ukimwitikia umempa njia. Bibi alikuwa na kaka yake aliyeitika akiwa kwenye matete ya ziwa. Hakutusimulia zaidi ya hapo, na sisi hatukuuliza.

"Kwa hiyo mizimu ya Bukima inajua kuhesabu, ila imeishia moja," Dorotea alisema, akacheka mpaka akaanza kukohoa. Alikuwa na pumu. Kichupa chake cha kupulizia kilikaa kwenye begi, nami nilikuwa nimekiona. Toka siku hiyo akawa ananiita kwa makusudi kutoka koridoni, "Gaude! Gaude!" huku akicheka, ili nijue ni mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa saba mchana. Jengo lilikuwa tupu, wenzetu wako darasani. Dorotea alichukua ndoo akaenda kufua bafuni, mwisho wa korido. Mimi nilibaki kitandani na kazi ya somo la udongo iliyotakiwa kesho yake. Nikasikia, "Gaude."

Ilikuwa sauti ndogo, kavu, haina kicheko. Sikuijua. Niliacha kuandika, nikasubiri ya pili. Nilisubiri kweli, nikibana pumzi ili nisije kuikosa. Haikuja. Nikamshukuru bibi moyoni, nikarudi kwenye udongo wangu.

Gloria ndiye aliyemkuta, sakafuni, bomba likiwa linamwaga. Alimwita Dorotea mara nyingi sana, nami nikatoka mbio. Hospitali walisema angewahiwa kidogo tu angepona. Kichupa kilikuwa kwenye begi, hatua mbili kutoka miguuni pangu. Najichukia, na sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Tangu hapo kila siku saa saba naitwa. Mara moja tu, kwa sauti ileile. Naitika. Nimeitika darasani mwalimu akifundisha, nimeitika kwenye foleni ya chakula, watu wakageuka kunitazama. Gloria amehamia chumba kingine, hakunificha kwamba anaogopa. Mimi bado nalala nje, ukutani namwachia. Asubuhi nyingine naamka nimebanwa ukingoni, nusura nianguke, kama zamani. Sigombi tena.

Jumamosi mama yake alikuja na gari la kwanza kutoka Bunda, amejifunga kanga, ana kikapu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Gaudensia." Akatoa kikapuni kontena la furu wa kukaanga. "Alikuwaga ananiambia, mama, ukituma samaki tuma za watu wawili. Hizi za kwako."

Sikupokea. Akaliweka kontena kitandani, tukaanza kukunja nguo. Alikunja polepole, kila blauzi akiinusa kwanza. Tulifika kwenye sketi ya mwisho ndipo akauliza, bila kuniangalia, "Siku ile alikuwa peke yake?"

Maktaba ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ningeitamka angeniamini, angenishukuru, angepanda gari lake. Lakini alikuwa ameniletea samaki.

"Hapana, mama. Mimi nilikuwepo humu chumbani. Aliniita."

Mikono yake ikasimama juu ya sketi. Nilingoja aniulize kwa nini sikwenda. Nilikuwa tayari kupigwa, na ningepokea kibao chake kwa moyo mmoja. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Alikuita mara ngapi?"

"Mara moja."

Alikaa chini, kwenye ule upande wa ukutani. Nje kuna mtu alikuwa anapiga nguo kwenye beseni. Nililia. Yeye alikuwa analainisha sketi magotini, analainisha mahali palipokwisha kunyooka.

"Hata mimi nisingeitika," akasema.

Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi mwenyewe nilikuwaga namkazania, Dorotea, ukienda huko kwa watu, ukiitwa mara moja usiitike." Akaiweka sketi kwenye begi, akafunga zipu mpaka mwisho. "Kuita mara mbili sikumfundisha."