Kitambaa cha Waliolia

Fundi alifagia chumba, akamaliza, akaona uzi mwingine sakafuni, akafagia tena. Alisukuma cherehani hadi ukutani. Alipanga viti, akatoa na benchi ya wateja, ile yenye mguu mmoja mfupi, akauwekea mguu huo kipande cha ubao. Kisha akapanda kigoda, akashusha furushi lililokuwa juu ya kabati, akalifungua juu ya meza ya kukatia.

Ndani kulikuwa na kitambaa kirefu chenye viraka vya kila namna, vyeupe, vya bluu, vya mistari, vya maua. Mgeni angedhani ni shuka lililoshonwa na mtu mwenye haraka. Kwa tawi la mashabiki lililokuwa likikutana humo chumbani, hiyo ilikuwa historia ya klabu yao. Kila msimu ulipokwisha walikaa hapo na kupiga kura: ni nani mwaka huu amelia kuliko wote? Kulia kwa furaha au kwa uchungu, yote sawa. Aliyeshinda alileta nguo aliyokuwa ameivaa siku ya machozi yake, Fundi akakata kipande, kikaunganishwa mwishoni mwa kitambaa. Ndivyo walivyofanya tangu mume wake akiwa hai. Yeye ndiye aliyeanzisha mchezo huo kama utani, na utani ukageuka kanuni.

Leo ilikuwa Jumapili ya kura, na Fundi hakujua kama atakuja hata mtu mmoja.

Aligeuka akatazama pazia la chumba cha ndani.

"Mwanangu, leo wanakuja."

"Hawaji, mama," sauti ikajibu nyuma ya pazia.

"Na wakija?"

"Waambie sipo."

"Nitawaambiaje hupo na viatu vyako viko mlangoni?"

Kisha pazia likasogea kidogo, mkono mrefu ukatoka, ukanyoosha vidole mpaka ukavifikia viatu, ukavivuta ndani. Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Kijana mzima, beki wa kushoto ambaye uwanja mzima ulikuwa ukiimba jina lake, anaficha viatu kama mtoto aliyevunja sahani.

Hilo jina lenyewe lilitoka humo humo chumbani. Alikua chini ya meza ya kukatia, akivingirisha bobini tupu za cherehani huku na huko, na wanatawi wakaanza kumwita Bobini. Baadaye akaanza kuvingirisha mpira. Alipiga mpira kwenye ukuta wa nyuma, ukarudi, akapiga tena, mpaka plasta ikabanduka na baba yake akaacha kuiziba. Klabu ilipomsajili, tawi zima lilikuja kumsindikiza siku ya kwanza ya mazoezi, kama bibi harusi.

Halafu ikaja mechi ya mwisho ya msimu huu. Sare tu ingewatosha kubaki ligi kuu. Mvua ilikuwa imenyesha na kiwanja kilikuwa na madimbwi. Mechi ikielekea ukingoni, Bobini aliupata mpira pembeni, akageuka, akamrudishia kipa. Ilikuwa pasi ile ile ya ukutani, aliyoipiga maisha yake yote. Lakini mpira ulifika katikati ya njia, ukakwama kwenye maji, na mshambuliaji wa wapinzani akaufikia kabla ya kipa, akafunga.

Jukwaa zima lilinyamaza. Katikati ya ukimya huo sauti moja ikapaa:

"Nani alimtoa huyu chini ya meza!"

Hakuna aliyehitaji kugeuka kumtafuta mwenye sauti. Alikuwa baba mdogo wa Bobini, mchomelea mageti, mtu mwenye mdomo mpana mpaka wakamwita Kocha, kwa sababu hajawahi kuketi kwenye mechi bila kuwafundisha wachezaji kazi yao. Fundi alikuwa amekaa kando yake. Alichukua mkoba wake, akaondoka kabla ya firimbi. Tangu siku hiyo Kocha hakuonekana mtaani kwa shemeji yake, na Bobini hakuonekana nje ya pazia.

Hodi ikabishwa mlangoni.

"Karibu! Karibuni!" Fundi aliitikia kwa haraka kuliko alivyotaka.

Aliingia Sista, muuguzi wa zahanati ya jirani, sare yake bado mwilini. Nyuma yake akaja Refa, mzee aliyewahi kuchezesha mechi za mitaa na mpaka leo alitembea na firimbi mfukoni.

"Fundi, nimechoka mpaka kope," Sista alisema, akajitupa kwenye benchi. "Nikasema lakini, nikilala leo nani atamzuia Refa asijipigie kura mwenyewe?"

"Mimi silii," Refa alisema. "Mwamuzi halii."

"Wewe ulilia ukatoa leso badala ya shati, ndiyo maana kipande chako ni chembamba kama noti ya zamani. Hiki hapa!"

Wakainama wote juu ya meza. Sista alikishika kitambaa mwanzoni, akateleza nacho taratibu, na kama kila mwaka, mdomo ukaanza kwenda na vidole.

"Hiki cheupe ni ubingwa wetu. Kocha alitoka kuwa mpambe harusini, akaja uwanjani na suti, akalia mpaka maharusi wakadhani amefiwa."

"Tukamkata mkono wa shati," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea. "Akaenda nyumbani na mkono mmoja mfupi."

"Na sisi wajinga tukapinda ukingo," Refa akaongeza. "Mkumbuke hilo. Tukasema, baada ya ubingwa kuna nini tena? Marehemu akakushikia, ukapiga cherehani pindo mara mbili, kazi ikaisha. Mwaka uliofuata tukapoteza fainali, na mchana mzima tukakaa hapa tunafumua."

"Hii ya fainali ni sare yangu," Sista alisema. "Fundi, ulinikata pindo, mwezi mzima nilizunguka wodini na sare ya kufika magotini. Wagonjwa walipona haraka sana mwezi huo."

Walicheka. Kipande kilichofuata kilikuwa cha maua: mwaka walipomwona mfungaji wao bora akiuzwa, na mama muuza mboga, ambaye sasa amehamia kwa wanawe, alilia ndani ya gauni lake la Jumapili. Kisha leso ya Refa: mwaka wa makocha waliokuja na kuondoka, hata wachezaji hawakujua wamwite nani bosi. Kisha kitambaa cha mistari: mwaka ambao uwanja wa mazoezi uligeuzwa yadi ya magari, timu ikawa inakimbia barabarani alfajiri, ikipisha malori. Walisimulia kwa kupokezana, mmoja akisahau mwingine akichomeka, na ajabu ni kwamba kadiri timu ilivyozidi kushuka ndivyo vicheko vilivyozidi, kama watu wanaosimulia ukorofi wa ndugu yao wanayempenda.

Vidole vya Sista vikafika kwenye kipande cha sweta nzito ya bluu. Vikasimama.

"Mwaka ule hatukupiga kura," alisema kwa sauti ya chini.

Ilikuwa sweta ya kazini ya mume wa Fundi. Alifariki msimu ukiwa katikati. Fundi alipitisha kiganja juu yake kama anayenyoosha kola ya mtu anayetoka nyumbani.

"Kwa hiyo mwaka huu," Refa alisema, akakohoa. "Mwaka huu tumeshuka daraja. Kura ni lazima. Ila hatujatimia."

Wote watatu walitazama mlango. Hakuna aliyetaja jina. Fundi alisogea kuchukua mkasi, akaurudisha, akauchukua tena. Kama Kocha asipokuja, alijua, tawi litakuwa limegawanyika bila mtu kutamka neno. Na mwanawe atabaki nyuma ya pazia lile huku watu waliomlea wakisalimiana barabarani kwa kuinua kidevu tu.

Kisha kivuli kikasimama kizingitini. Hakikubisha hodi.

"Shemeji," Kocha alisema. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi, na macho yake yalikuwa kwenye miguu ya viti. "Naweza kuingia au niongelee hapa hapa?"

"Tangu lini wewe ukaomba ruhusa?"

"Tangu nilipojua mdomo wangu hauna mlango."

Fundi alimsogezea kiti. Kocha aliingia, hakukaa. Alitoa shati ndani ya mfuko, akaliweka mezani.

"Mnipigie kura mimi. Siku ile nilitoka uwanjani nikasimama nyuma ya kituo cha basi, nikalia mpaka kondakta akanipa maji."

"Shahidi?" Sista aliuliza.

"Kondakta."

"Yuko wapi?"

"Sista, usinihoji kama mgonjwa aliyekosa dozi. Nililia."

"Ulilia kwa sababu ya kushuka daraja?" Refa aliuliza, akiwa ameinua kidole kama anayetaka kutoa kadi.

Kocha alitazama pazia, kisha akatazama shati lake. "Hapana. Nililia kwa sababu ya nilichosema. Nilikuwa napiga kelele, nikasikia sauti yangu iko peke yake. Mtoto akageuza kichwa. Watu wote wale uwanjani, akageukia niliko mimi."

Refa alishusha kidole polepole.

"Kocha, nakuhurumia. Lakini hicho si kilio cha mpira, ni kilio cha kifamilia. Kanuni haikitambui."

"Mzee, na wewe!"

"Kanuni ni kanuni."

Nyuma ya pazia mtu alipiga chafya, au alizuia kicheko. Fundi hakuwa na hakika. Pazia likafunguka. Bobini alisimama pale miguu peku, amekonda kidogo, nywele hazijachanwa. Mkononi alikuwa ameshika jezi yake, namba tatu mgongoni, tope limekauka kifuani mpaka limepasuka kama udongo wa chungu. Fundi alikuwa ameiomba ile jezi aifue mara nyingi, akanyimwa.

"Ni mimi," Bobini alisema. "Hakuna aliyelia kuliko mimi. Mama anajua, ukuta ni mwembamba."

Halafu Refa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha kosa lipite, akajikuna kichwa.

"Mwanangu, inaniuma kusema. Kura ni ya mashabiki. Mchezaji haruhusiwi."

"Mchezaji gani?" Kocha alidakia. "Bobini, mkataba wako si uliisha na msimu?"

"Uliisha."

"Umesaini kwingine?"

"Sijasaini popote."

"Basi Refa, huyu ni mchezaji wa timu gani? Huyu ni shabiki tu kama mimi na wewe. Tena shabiki asiye na hata kiti cha kukalia!"

Utani ulikuwa umekatiza karibu mno na kidonda. Fundi alimtazama mwanawe usoni, akatafuta kama angerudi nyuma ya pazia. Bobini alimtazama baba yake mdogo muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, kicheko kibovu kilichochanganyika na kitu kingine, akafuta macho kwa kiwiko.

"Baba mdogo, wewe ni mtu mbaya."

"Najua. Nisamehe, mwanangu."

"Mnaona? Analia tena," Sista alisema, naye akijifuta kwa ukosi wa sare. "Anayemkubali Bobini ainue mkono."

Mikono yote ikainuka, wa Refa mwisho, taratibu, kama anayekubali penalti iliyochelewa.

Fundi alitandaza jezi mezani. Aliweka mkasi, akasita.

"Nikate wapi? Nisiguse namba?"

"Namba iache, mama. Labda nitaihitaji. Kata penye tope."

Hilo "labda" alilisikia vizuri. Alikata, tope likadondoka mezani, hakulipangusa. Akavuta cherehani kando ya meza, akachukua uzi kuutunga kwenye sindano iliyokuwa tupu, akainama, akalikosa tundu, akalikosa tena; macho hayakuwa yale ya zamani, na leo yalikuwa na maji. Bobini alichukua uzi, akaulowesha ncha mdomoni, akapitisha kwa mara moja kama alivyokuwa akifanya alipokuwa hajui hata kufunga kamba za viatu.

"Unapinda ukingo?" aliuliza.

"Tulishawahi kupinda. Nashikiza kwa nyuzi chache tu, mwakani nisihangaike kufumua."

Kitambaa kilikuwa kimerefuka mno. Uzito wake uliuvuta mwisho kutoka kwenye cherehani, mshono ukaanza kwenda kombo. Zamani mume wake ndiye aliyekuwa akiushika. Bobini aliona, akapiga magoti bila kuambiwa, akaingia chini ya meza. Miguu haikuenea tena. Magoti yalimfika masikioni na visigino vikatokeza nje. Akakusanya kitambaa chote mapajani, ubingwa, fainali, maua, leso, sweta ya baba yake.

Kocha aliinama, akachungulia. Midomo ilimtetemeka, na Fundi akajua kabla hajaifungua kitakachotoka.

"Jamani," Kocha alisema, "nani amemrudisha huyu chini ya meza?"

"Mimi mwenyewe," sauti ikajibu kutoka chini. "Shona, mama. Nimeshika."