Mguu wa Mzee Futikamba

Watoto walikaa kikao bila yeye, na kikao kikaamua: Baba asiendeshe tena. Gari lilikuwa linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi na kuzimika kwenye makutano, na wote wakakubaliana kwamba mguu wa mzee umechoka. Hata mkewe aliapa hapandi tena, akawa anakwenda kliniki kwa miguu, na magoti yake yale mabovu. Jumamosi asubuhi mtoto wa kwanza, mwalimu, angekuja kuchukua ufunguo.

Mguu umechoka! Mguu wa Mzee Futikamba! Huyu ni fundi cherehani aliyekanyaga pedeli tangu ujanani, ambaye aliweza kusogeza sindano tundu moja, akasimama, akasogeza tundu jingine. Jina lenyewe mtaa ulimpa kwa sababu futi kamba yake ya kupimia watu haikumtoka shingoni hata msibani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Aliumia.

Lakini hakubishana na mtu. Alivaa miwani, akasoma kitabu cha gari ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika penye sensa: kidude cheusi kisichozidi kiberiti, kimefungwa kwa skrubu mbili pale injini inapovutia hewa. Kazi yake ni kuiambia injini mguu wa dereva umekanyaga mafuta kiasi gani.

"Kumbe!" alisema peke yake sebuleni. "Kumbe kati yangu na injini kuna mmbea!"

Jumamosi mwalimu alikuta boneti iko wazi. Juu ya kitambaa safi palikuwa na mita ndogo ya mshale, ya kupimia umeme wa waya, na nyuma ya plagi ya sensa zimechomekwa pini mbili za kushonea, kila moja imebanwa na waya wa mita.

"Shikamoo, Baba. Nimekuja kwa ule ufunguo..."

"Marahaba. Uko kwenye swichi. Nimewasha umeme tu, injini bado. Ingia ukanyage mafuta, polepole."

"Baba, sisi tulishakubaliana..."

"Kanyaga, mwanangu."

Mwalimu akakanyaga. Mshale ukapanda vizuri, ulipofika katikati ukaanguka ghafla, kisha ukaruka juu.

"Mbona unatikisa mguu?" mzee akauliza.

"Sijatikisa!"

"Rudia."

Akarudia mara tatu, jasho linamtoka. Kila alipofika katikati, mshale ulianguka palepale.

"Pole sana," mzee akasema, uso mkavu. "Miaka arobaini na moja tu, mguu umeshazeeka. Sijui nani atakukalia kikao wewe."

Mama, aliyekuwa anaanua nguo kwenye kamba, alicheka mpaka shati likamdondoka. Mwalimu hakucheka. Alitoka garini, akainama kuitazama ile sensa kwa muda mrefu.

"Nisamehe, Baba."

"Shika bisibisi kwanza."

Wakachomoa waya wa betri, wakafungua skrubu mbili, sensa ya zamani ikatoka na mpya aliyoinunua mzee ikakaa mahali pake. Betri ikarudishwa, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Sensa hiyo huzungushwa kidogo kidogo, pedeli ikiwa haijaguswa, mpaka mshale usimame kwenye nusu volti, ndipo ikazwe. Mwalimu akaipata nusu volti barabara. Akakaza. Mshale ukapanda. Akalegeza, akaipata tena, akakaza. Ukapanda tena.

"Hii ina mashetani!"

"Haina. Kitambaa nacho hukimbia hivyohivyo chini ya mashine," mzee akasema. "Ukitaka mshono uangukie kwenye chaki, unauanzia nyuma ya chaki. Ukikaza, mshale unapanda kiasi gani?"

"Kama mstari mmoja."

"Basi uache mstari mmoja chini, halafu kaza. Skrubu hii kidogo, ile kidogo."

Mwalimu akafanya hivyo. Mshale ukapanda mpaka nusu volti, ukatulia. Mzee akaingia garini, akakanyaga mwenyewe, kwa mguu uleule uliosengenywa. Mshale ukapanda toka chini mpaka juu bila kushtuka hata mara moja.

Akazima, akachomoa pini zake, akafunga boneti, akawasha injini. Alizunguka mtaa mzima. Kwenye makutano yaliyozoea kumwaibisha alisimama, akangoja, akaondoka taratibu watu wakimwona. Kifua kilimjaa, wala hakujaribu kuficha.

Aliporudi, Mama alikuwa amesimama getini, mkoba begani. Kuomba radhi si kawaida yake, na hakuomba. Alifungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda.

"Twende, Fundi," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu mumewe alipofunga duka lake la ushonaji, na mzee alilazimika kupangusa miwani kabla ya kushika usukani.

Mwalimu alisogea dirishani. Mzee akatia mkono mfukoni, akamwekea sensa ya zamani kiganjani.

"Ulikuja kuchukua kitu, usirudi mikono mitupu. Kawaoneshe wenzako wa kikao."