Mtani wa Mheshimiwa

1.

Maharage yaliiva.

2.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI, CHIHEMBE
TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Jumamosi hii Mbunge wetu anayetetea kiti chake, Mheshimiwa Amosi Chilewa, atazindua kisima kirefu na bomba la Chihembe. Wananchi wafike mapema, wakiwa nadhifu na wenye nyuso za furaha.

Jumatatu utafanyika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ajenda: kuridhia eneo la Chemchemi ya Ndolela likabidhiwe mwekezaji wa kiwanda cha maji ya chupa, kwa kuwa kijiji sasa kina bomba na hakiihitaji tena chemchemi hiyo. Muhtasari uliogongwa muhuri unatakiwa ufike wilayani siku hiyohiyo.

Mengineyo hayatakuwepo.

3.

Aliyepika maharage hayo aliitwa Kalunde Mihayo, muuguzi mstaafu wa zahanati ya Chihembe. Hakuyapika kwa njaa.

Maji ya ardhini ya Chihembe ni ya chumvi. Ukiyapikia maharage, yatachemka kutwa nzima na jioni bado yatagonga sufuria kama kokoto. Chai ya maziwa hukatika. Sabuni huteleza mkononi bila povu. Ndiyo maana watu hupikia maji ya Ndolela, na ya visima huachiwa ng'ombe, ambao nao huyanywa kwa kusitasita.

Jumamosi, baada ya uzinduzi, Kalunde aliteka ndoo kwenye bomba jipya, akabandika. Akafagia uwanja. Akarudi, akatoa punje moja, akaibonyeza kati ya vidole viwili. Ikapondeka.

Mtu mwingine angefurahi.

4.

(Pale bombani, alasiri hiyo.)

— Sabuni imetoa povu.

— Fua.

— Nimesema tu imetoa povu.

— Na mimi nimesema tu ufue.

5.

Ukutani mwa zahanati, nyuma ya mlango, karatasi iliyofifia:

KISIMA CHA SOKONI KIMEFUNGWA. Vipimo vimeonyesha madini ya floridi kupita kiwango. Watoto wasinywe maji hayo, hata yakichemshwa.

Waliochelewa kuisoma unaweza kuwatambua. Wanacheka wamefumba midomo, kwa sababu meno yao yana madoa ya kahawia. Wachache wao, miguu yao ilipinda kabla hawajafika darasa la tatu. Kalunde alikuwa akiwaona wakiletwa na mama zao, na alikuwa hana dawa ya kuwapa.

Kisima kipya cha Mheshimiwa kilichimbwa nyuma ya soko, ng'ambo ya ua kutoka kile kilichofungwa.

Ardhi ni ileile.

6.

Wewe unayesoma, kama hukuzaliwa upande huo, fahamu jambo moja kabla hatujaendelea.

Mnyamwezi kati ya Wagogo ni mtani. Kalunde alizaliwa Urambo akaolewa Chihembe. Basi kijiji kizima kilikuwa mali yake ya kuchezea. Angeweza kumwita mwenyekiti mwizi wa mbuzi mbele ya wakwe zake. Msibani aliingia kaburini likichimbwa, akajilaza, akagoma kutoka mpaka akombolewe. Alinyakua kofia, jembe, kibuyu cha pombe, na mwenye mali hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Alitakiwa acheke, alete kikomboleo, achukue chake. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Amosi Chilewa ni Mgogo. Tangu aingie bungeni, katika kila mkutano wake wa hadhara, aliyetangulia kupanda jukwaani alikuwa Kalunde. Alimwita "mtumwa wangu." Watu walicheka, koo zikalainika, ndipo hotuba ikaanza. Hakuwahi kumwita Mheshimiwa hata siku moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yenyewe.

7.

RATIBA YA UZINDUZI (nakala ya wasaidizi tu)

Mgeni rasmi kuwasili.
Ngoma.
Mama Kalunde kuchangamsha wananchi.
Mgeni rasmi kukata utepe na kufungua koki. Koki isifunguliwe na mtu yeyote kabla ya hapo, kwa sababu yoyote.
Mgeni rasmi kunywa.
Wananchi kuteka. Ndoo moja kwa kila kaya.

8.

Mimi ni dereva wa boza. Sina chama. Niliambiwa nipakie maji mjini nilete Chihembe, niyamimine kwenye tangi la juu. Nikauliza, ya kujengea? Nikaambiwa ya kujaribia tangi. Nikauliza, tangi la kisima linajaribiwaje kwa maji ya mjini wakati kisima kipo hapohapo? Yule bwana akaniangalia. Akasema kwa upole kabisa, dereva, wewe una watoto, siyo? Nikasema ninao. Akasema

9.

Siku ya uzinduzi Kalunde aliona alama za matairi mapana zikienda mpaka chini ya tangi na kurudi. Alikuwa wa pili kunywa, baada ya Mheshimiwa. Maji yalikuwa matamu. Aliyashikilia mdomoni kidogo kabla ya kuyameza.

Angeweza kungoja. Alikuwa mtu wa vipimo. Kazini hakuwahi kumtajia mgonjwa ugonjwa wake kabla majibu hayajarudi. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, na watu walikuwa wamemkodolea macho wakisubiri kucheka. Akaona kwamba hapo hakuna wa kumfunga mdomo. Mtani hashitakiwi.

"Mtumwa wangu Chilewa," alisema, "nabii aligonga mwamba kwa fimbo maji yakatoka. Wewe umegonga kwa matairi ya boza. Haya maji yamepanda gari kunifuata, wakati mimi mjini naenda kwa miguu."

Watu waliangua kicheko. Wazee waligonga bakora chini. Mheshimiwa alicheka kuliko wote. Aliinama, akashika magoti, akafuta machozi kwa leso. Kisha akachukua kipaza sauti.

"Mbukwenyi!"

Wakaitika salamu hiyo ya Kigogo.

"Mmemsikia mtani wangu? Akisema mimi ni fisi, msinifukuze zizini. Mpeni kitenge huyu mama, nijikomboe."

Akapewa kitenge. Akakipokea.

10.

kitenge

chenye picha ya Mheshimiwa, mgongoni.

11.

Jumapili, mgombea wa upinzani, kijana aliyevaa miwani na kushika makaratasi, alisimama sokoni. Alisema maji ya uzinduzi yaliletwa na boza. Alisema anao ushahidi.

— Huyo naye kaiba utani wa Mama Kalunde.

— Na hajui kuusimulia.

— Wewe kijana ni kabila gani? Una utani na nani hapa?

Walimcheka mpaka akakunja makaratasi yake. Hakuna aliyesema ni mwongo. Walisema hachekeshi.

12.

Jioni hiyo Kalunde alikaa kibarazani na mkwe wake, Tabu, mke wa mwanawe mkubwa. Tabu alikuwa mjamzito na alichambua mchicha huku sinia likiegemea tumbo.

"Mama, maneno yako yamefika mpaka kijiji cha pili. Wanayarudia."

"Wanayarudia vipi?"

"Wanacheka."

"Na wanajua kwamba ni kweli?"

Tabu alitupa bua pembeni. "Wanajua."

"Sasa?"

"Sasa nini, mama? Umeshalisema wewe, tena hadharani, na mwenyewe akacheka, na kitenge ukapewa. Limekwisha. Mtu atasimama aseme nini tena?"

Kalunde aligeukia uani. Alikuwa akiutazama mti wa mafuta ya nyonyo uliojiotea penye maji ya kuogea, lakini aliloliona ni lile jukwaa. Jambo zito kuliko yote aliyowahi kuyasema kijijini hapo alikuwa amelisema kwa namna pekee ambayo kijiji hakilazimiki kuliamini. Na alikuwa amelisema kabla ya maharage.

"Kesho wakikubali, mtoto huyo atakunywa nini?"

"Wanasema bomba lipo."

"Tabu."

"Abee."

"Umeonja maji ya bomba leo?"

Tabu aliendelea kuchambua. Mwishowe alisema, "Chai imekatika."

13.

Maharage hayakuiva.

14.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI, CHIHEMBE
UFAFANUZI

Imebainika kuwa baadhi ya wananchi wanalalamikia ladha. Mnaelezwa kuwa bomba jipya hubadilika ladha katika siku za mwanzo na hili ni jambo la kawaida kitaalamu. Wananchi wazoee. Aidha, wananchi wanakumbushwa kutofautisha taarifa na utani.

15.

— Mimi nitanyoosha mkono kesho.

— Hata mimi.

— Kwa sababu?

— Kwa sababu nikiuacha chini nitaonekana.

16.

Jumatatu. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cha kijani, na juu yake chupa za maji ya dukani, moja kwa kila mgeni. Mheshimiwa Chilewa alikaa katikati. Kulia kwake mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chitema. Kushoto, mtendaji na kitabu cha mihtasari, kidau cha wino na muhuri. Pembeni, kwenye kiti cha mwanafunzi, Afande Lukumay, askari aliyehamishiwa pale kutoka Arusha miezi michache nyuma.

Ajenda ilisomwa. Mzee Chitema akauliza kama kuna swali, huku akitazama karatasi.

Kalunde akasimama. Hakuwa amevaa kitenge.

"Maji ya Jumamosi yaliletwa na boza," alisema. "Ya jana na ya leo ndiyo ya kisima chenyewe, na ni yaleyale tuliyowakataza watoto."

Kicheko.

"Hiyo tumeshaisikia, Mama Kalunde. Lete nyingine."

"Mtani," Mzee Chitema alisema, naye akijifuta macho, "leo hatuna nafasi ya utani. Kaa, utatumaliza mbavu. Wanaokubali?"

Mikono ilinyooshwa. Haikunyooshwa kwa pamoja. Ilinyooshwa mmoja mmoja, kila mtu akitazama wa jirani, kama watu wanaoingia mto wasioujua kina. Tabu aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, juu ya tumbo.

"Imepita," alisema Mzee Chitema.

Mtendaji akaandika. Akafungua kidau. Akachovya muhuri.

17.

Kalunde aliunyakua.

18.

Hapo uwanja mzima ulilipuka. Huyo ndiye Kalunde waliyemjua. Muhuri wa kijiji! Hata kaburini hakuwahi kufanya kubwa hivyo. Vijana walipiga miluzi. Mtendaji alibaki ameshika hewa, naye akacheka, maana angefanya nini. Mamake alikuwa Mgogo na babake Mgogo.

"Haya, taja kikomboleo," alisema Mzee Chitema. "Soda?"

"Sitaki soda."

"Kuku. Jogoo wangu mwenyewe, mwekundu."

"Ale mkeo, amekonda."

Kicheko tena.

"Mbuzi, basi. Mheshimiwa atatoa mbuzi. Siyo, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa aliinua mikono miwili kama aliyevamiwa. "Natoa mbuzi. Natoa na kamba. Mpeni mtani wangu mbuzi, jamani, gari la wilayani linasubiri."

Kalunde aliufungia muhuri kwenye pindo la kanga, akapiga fundo, akalirudia fundo. Wino ulipenya nguoni.

"Kikomboleo changu ni bilauri moja," alisema. "Maji ya bomba lako, ya leo. Unywe hapa, uimalize."

Kilichofuata hakikuwa kicheko, bali pumzi ya watu wengi. Tabu alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda bombani taratibu, kwa mwendo wa mwenye mimba, na hakuna aliyemharakisha wala aliyemzuia. Alirudi na bilauri imejaa, akaiweka mezani, kando ya chupa.

Mheshimiwa aliitazama. Akaishika. Akatabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa unatazamana na watu.

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini, "acha utani."

"Mheshimiwa Chilewa," alisema Kalunde, "sitanii."

19.

Mheshimiwa.

20.

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea bakora aliketi wima. Mwanamke aliyekuwa akinyonyesha alimwondoa mtoto ziwani ili asikie. Miluzi ilikoma safu kwa safu, kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri neno lilivyowafikia. Mkono mmoja uliokuwa bado juu, wa mtu aliyesahau kuushusha, ulishuka.

Kutoka nyuma kabisa mtu aliuliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeuliza saa:

"Jamani, huyu anatania?"



Mheshimiwa aligeuza shingo kidogo, upande wa kiti cha mwanafunzi.

Afande Lukumay akasimama. Akavaa kofia, akaiweka sawa. Hakuwa mtu mbaya. Wagonjwa wawili aliwahi kuwapeleka hospitali kwa pikipiki yake bila kuombwa. Ila alitoka mbali, na katika Chihembe nzima hakuwa na mtani.

"Mama," alisema, akinyoosha mkono, "nipe hicho kilichomo kwenye kanga."

Kalunde alishika fundo. Watu walimtazama yeye, kisha askari, kisha meza.

Bilauri ilikuwa bado imejaa.